Joto la Nyumba Katika Miezi ya Kipupwe



Ninyi mnaotusikiliza kutoka Tanga, Mtwara au Dar es Salaam huenda mtashangaa kwamba Dominika hii tumechagua kusema juu ya baridi. Kwenu mwezi wa Julai ni mwezi wa kupata nafuu ya joto. Lakini katika nchi hii hii moja wako ndugu zetu ambao katika miezi hii huamka wakakuta nyasi za uwanjani zimekuwa nyeupe kwa jalidi, na maji ya ndoo iliyolala nje yamefanya utando wa barafu. Twawataja watu wa Makete na wa Njombe, na wale wanaokaa kando ya uwanda wa Kitulo wenye kimo cha mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Huko usiku wa kipupwe hauna mawingu. Ardhi iliyoota jua mchana kutwa hutoa joto lake lote juu angani, na kabla ya jogoo la kwanza nyumba imekwisha kupoa kama kisima.

Wapo watakaotuuliza, baridi ina nini na Injili? Maandiko Matakatifu hayakuona aibu kusema juu yake. Mtakatifu Paulo, akiwa kifungoni, alimwandikia Timoteo amletee joho alilokuwa ameliacha Troa nyumbani kwa Karpo, tena akamsihi afike kabla ya majira ya baridi. Mtume aliyetufundisha mambo makuu ya imani anaomba nguo ya kujifunika! Na katika kitabu cha Kutoka, Mungu aliwaagiza watu wake kwamba mtu akichukua vazi la maskini kuwa rehani, alirudishe kabla jua halijatua, kwa kuwa maskini huyo hana kitu kingine cha kulalia. Tuone saa iliyowekwa. Hakuambiwa arudishe mwisho wa juma, wala siku ya kikao. Ni kabla ya jua kutua.

Amri hiyo tulikuwa tumeisoma seminarini, tena tulikuwa tumeifanyia mtihani. Tuliielewa miaka mingi baadaye, tulipokuwa paroko katika parokia moja ya nyanda hizo za juu. Tutawaeleza yaliyotokea, ingawa si habari ya kutusifu.

Mwaka huo tulikuwa tumeletewa na wahisani robota moja la mablanketi. Tuliyafungia stoo, tukatangaza kwamba yatagawiwa Dominika baada ya Misa ya pili, kwa orodha, mbele ya watu wote. Siku ya Alhamisi jioni alikuja bibi mmoja, mjane, aliyekuwa akilea wajukuu wawili walioachwa yatima. Wale waliowahi kuishi Makete na Njombe watakumbuka jinsi ukimwi ulivyowaachia wazee mzigo huo wa kulea upya. Bibi alituambia kwamba mjukuu mdogo anakohoa, na usiku baridi inamzidi. Tukamjibu, “Bibi, vumilia mpaka Dominika, isije ikasemwa padre anapendelea.” Akatuitikia kwa upole, “Haya, Baba. Dominika si mbali.” Tukampa baraka, akaenda zake.

Usiku wa Ijumaa bibi aliziba nyufa za dirisha kwa matambara, akasukumia gunia chini ya mlango. Kisha akawasha jiko la mkaa nje. Alikuwa mwangalifu: alingoja mpaka moshi wote umekwisha na makaa yamekuwa mekundu, kama alivyofundishwa na mama yake, ndipo akaliingiza chumbani walimolala wote watatu. Alfajiri aliamka kichwa kikimpasuka, miguu haina nguvu. Alitambaa hadi mlangoni, akaufungua, akaanguka kizingitini. Mlango ule uliofunguka ulimwokoa yeye na mjukuu mkubwa, ambaye hospitalini aliwekewa oksijeni akapona. Yule mdogo alikuwa amekwisha kufa.

Tulimzika Jumamosi. Katekista alikwenda stoo, akachukua blanketi moja, wala hakutuuliza. Mtoto alizikwa amefunikwa kwa hilo. Kesho yake, Dominika baada ya Misa ya pili, tuligawa yaliyobaki kwa orodha, na utaratibu ulikuwa mzuri sana.

Mtakatifu Yakobo katika Waraka wake anamzungumzia mtu amwagaye ndugu yake asiye na nguo kwa maneno mema ya kumtakia joto na shibe, bila kumpa kitu. Tangu siku hiyo hatujaweza kusoma sura ile ya pili mimbarini pasipo kusita.

Sasa wapendwa, yatupasa kusema wazi juu ya jiko hilo, maana kila kipupwe tunasikia habari zinazofanana na hiyo. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haionekani, haina harufu, haichomi macho. Kutokuwapo kwa moshi si dalili ya usalama. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoitoa kwa wingi. Mtu akiivuta, hujishikiza katika damu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikaendelea kuzunguka mwilini bila kubeba uhai. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Wengi hudhani ni malaria, au uchovu, wakajifunika zaidi. Nyumba nzima ikiumwa kichwa kwa wakati mmoja, na ahueni ikaja mkitoka nje, tokeni wote, toeni jiko, na mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja. Wengine hutuambia kwamba sufuria ya maji juu ya jiko huimeza hewa hiyo. Haiimezi. Jiko likihitajika jioni, mlango na dirisha viwe wazi. Na kabla ya kulala litolewe nje, hata likiwa limebaki majivu yenye cheche chache.

Mtasema, padre anatunyang'anya jiko, anatupa nini badala yake? Swali ni la haki. Joto la nyumba hutunzwa tangu mchana. Fungueni madirisha jua linapokuwa kali, anikeni magodoro na matandiko yakauke unyevu, kisha fungeni mapema, kama saa kumi, kabla ubaridi haujaingia. Nyumba ya bati isiyo na dari hupoteza joto upesi sana. Babu zetu chini ya paa za nyasi walilala vizuri kuliko sisi tunaojiita wa kisasa. Asiyeweza kuweka dari ya mbao aweke hata ya mikeka au magunia juu ya kitanda. Nyufa za ukuta zikandikwe udongo. Chumba kisichowashwa moto chaweza kuzibwa upepo bila hatari kubwa. Ubaya ni kuziba na kuwasha pamoja. Na mwenye uwezo ajenge meko yenye dohani itoayo hewa chafu juu ya paa, kama zilivyo nyumba nyingi za wamisionari wa zamani huko nyanda za juu.

Watu wengi hujifunika juu wakasahau chini. Godoro jembamba juu ya sakafu ya saruji humwibia mlalaji joto usiku kucha. Tandikeni nyasi kavu au magunia chini yake. Maji ya moto katika chupa iliyozibwa vema na kuviringishwa kitambaa, ikawekwa miguuni, humsaidia mzee hadi usiku wa manane. Mzee asilale na njaa wala na soksi zenye umande. Na wanaume wanaokwenda kutafuta joto kilabuni kwenye komoni wajue kwamba pombe huidanganya ngozi: damu hukimbilia nje, mtu akajisikia moto, kumbe joto la ndani ndilo linalomtoka njiani akirudi nyumbani.

Kwa watoto wachanga, hasa waliozaliwa kabla ya wakati, Mungu ameweka joto katika kifua cha mama. Mtoto avishwe kofia na nepi tu, alazwe ngozi kwa ngozi kifuani, kisha wafunikwe wote wawili. Madaktari wa Bogotá, Colombia, walianza kuitumia njia hii mwishoni mwa miaka ya 1970, walipokuwa na upungufu wa mashine za kutunzia vichanga, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliagiza ianzwe mara tu mtoto anapozaliwa. Baba naye anaweza kupokea zamu. Tumewahi kuona baba mmoja akifanya hivyo wodini, wenzake wakamcheka, na mtoto amelala fofofo.

Baada ya mazishi yale tulimkabidhi katekista ufunguo wa stoo. Tukaagiza kwamba aombaye apewe siku hiyo hiyo, jina liandikwe baadaye. Mwaka wa pili tuliletewa habari kwamba bwana mmoja amechukua blanketi mara mbili na moja ameliuza sokoni. Halmashauri ya parokia ilitaka turudie orodha. Hatukukubali. Aliyelinunua sokoni naye alikuwa na baridi.

Tulipohamishwa kwenda pwani, bibi yule alikuja kutuaga pamoja na mjukuu wake, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kumpita kimo. Alituuliza kama huko tuendako kuna baridi. Tukamwambia hakuna. Akasema, “Basi ukapumzike, Baba. Lakini ukifika mwezi wa saba, utukumbuke.”