Tutembee na Wazee Wetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Jilore)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbuzi wala mbegu. Tumekuja kuzungumza juu ya wazee wetu na jambo la kusahau.

Hapa Kilifi, kusahau kwaweza kumletea mzee hatari. Akipotea njia usiku akaonekana mlangoni kwa jirani, au akisema peke yake, wapo watakaosema huyo ni mchawi. Wazee wameuawa kwa maneno ya namna hiyo, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma kule Ganze kuokoa maisha yao. Kumbe kusahau kupita kiasi ni dalili ya ugonjwa wa ubongo, na ugonjwa huo uko dunia nzima.

Basi tufanye nini? Dawa ya kuuponya haijapatikana. Lakini kuna kinga isiyotaka pesa: kutembea kwa mwendo wa haraka. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa wazee 120. Kundi moja lilitembea dakika 40, siku 3 kwa wiki, mwaka mzima. Kundi la pili lilinyoosha viungo tu. Sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, ambayo hupungua uzeeni, iliongezeka kama asilimia 2 kwa watembeaji. Kwa wenzao ilizidi kupungua. Tena kutembea husaidia kuteremsha presha na sukari, ambazo huharibu mishipa ya damu ya ubongo.

Mtasema, nyanya zetu wamelima na kuchota maji maisha yao yote. Ni kweli, na hayo ni mazoezi. Shida huanza pale tunapomkalisha mzee chini ya mwembe kutwa nzima, tukidhani tunamheshimu.

Twashauri hivi:

1. Wazee wa kikundi watembee pamoja asubuhi, jua halijawa kali. Mwendo uwe wa kuhema kidogo, lakini mtu aweze kuongea. Waanze na dakika 10, waongeze pole pole. Shirika la Afya Duniani lasema zifike dakika 150 kwa wiki.

2. Ngoma pia ni mazoezi. Wachezeni!

3. Mwenye maumivu ya kifua, presha au kizunguzungu aonwe kwanza zahanati.

4. Mzee anayesahau sana apelekwe hospitali, si kwa mganga wa kutafuta mchawi. Majirani nao waelezwe kwamba ni mgonjwa.

Hatusemi kutembea kutazuia kila ugonjwa, la. Lakini mzee anayetembea na wenzake kila wiki hujulikana na kijiji kizima. Siku akipotea njia, watu watamshika mkono wamrudishe nyumbani.