Neno Moja, Maana Mbili
Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia



Tumeombwa tuseme juu ya mawasiliano. Labda wengine mnangoja habari za simu na redio. La, leo tunataka kuongea juu ya kuongea kwenyewe: vile watu wanakaa mkutano mmoja, wanasema maneno yale yale, halafu kila mtu anarudi nyumbani na maana yake.

Tuanze na kosa letu sisi wafanyakazi wa maendeleo. Tulifika kwa kikundi kimoja cha kina mama na mradi wa mbuzi wa maziwa. Tukaeleza masharti: mbuzi ni wa kikundi, na mtoto jike wa kwanza atapewa mwanachama anayefuata. Tukauliza, "Mmeelewa?" Wakajibu wote pamoja, "Ndiyo!" Makofi yakapigwa. Sisi tukaandika kwenye ripoti kwamba mafunzo yamekwenda vizuri.

Shule zilipofunguliwa, mzee wa boma moja alimpeleka yule mbuzi sokoni, akalipa karo ya kijana wake. Kikundi kikawaka moto. Ikasemwa mama huyo ni mwizi, atolewe na akiba yake izuiwe. Sisi wenyewe tulikuwa karibu kukubali.

Kabla ya kura, nyanya mmoja aliuliza: "Huyu mama tulimwambia. Je, mzee wake aliambiwa na nani?" Wote tukanyamaza. Baadaye tuliketi na mama na mzee wake, tukauliza: "Kwenu nyumbani, mbuzi wa kikundi ni mbuzi gani?" Mzee akajibu bila hasira: "Ni mbuzi ambaye mke wangu alimleta kutoka kwa kikundi. Na mnyama akishalala ndani ya boma ni wa boma." Kumbe! Kwetu sisi neno "wa" lilionyesha mwenye mali. Kwake yeye lilionyesha mbuzi alikotoka. Hakuna aliyesema uongo.

Wataalamu wamelifikiria jambo hili. Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon aliandika jinsi ujumbe unavyosafiri, kama vile kwa waya ya simu: kuna anayetuma, kuna njia, kuna kelele inayouharibu, na kuna anayepokea. Ni elimu nzuri kwa simu, na mwenyewe alisema wazi kwamba maana ya ujumbe si shida ya mhandisi. Lakini sisi tunaitumia kwa watu! Tunafikiri tukisema kwa sauti na kurudia mara tatu, ujumbe umefika kama gunia la mbolea linavyofika stoo.

Paulo Freire, mwalimu Mkatoliki wa Brazili, alikataa mawazo hayo. Jeshi lilipotwaa serikali ya nchi yake mwaka 1964, alilazimika kuhama, akafanya kazi Chile katika elimu ya wakulima. Katika kitabu kilichotoka huko mwaka 1969, alionyesha kwamba bwana shamba akimmwagia mkulima ujuzi wake bila kuzungumza naye, hayo si mawasiliano. Mkulima naye anajua mambo ya udongo na mbegu, na maneno yake yametoka katika maisha hayo. Maana inazaliwa wawili wanapozungumza juu ya jambo lililo mbele yao wote. Freire alifariki mwaka 1997, lakini mbinu zake zilifika Kenya tangu miaka ya 1970, kupitia mafunzo ya DELTA ya Anne Hope na Sally Timmel katika Kanisa Katoliki. Wazee wetu wengine wanakumbuka: picha inawekwa mbele, halafu swali, "Mnaona nini hapa?"

Bwana Yesu alitutangulia. Kisimani Samaria (Yohane 4) alianza kwa kuomba maji. Aliposema habari ya maji yaliyo hai, yule mama alifikiria chombo cha kutekea na urefu wa kisima. Yesu hakumcheka. Waliendelea, swali kwa jibu, ingawa Wayahudi na Wasamaria hawakuchangamana, mpaka mama akaacha mtungi wake akaenda kuwaita wenzake.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuache kuuliza "Mmeelewa?" Mtu mwenye heshima hawezi kumjibu mgeni "hapana" mbele ya watu. Tuseme: "Mama, hebu tueleze vile utamwambia mzee ukifika nyumbani." Hapo tutajua amebeba nini.

Pili, maneno ya mali kama mkopo, msaada, hisa na "wa kikundi" tuyajadili kwa lugha ya mama kabla ya kuyaandika kwenye katiba. Nani anaweza kuuza? Mwanachama akifa, mali inakwenda kwa nani?

Tatu, tuwaite wote ambao jambo litawagusa, na tusikie pande zote. Kuelewa desturi si kusema mzee ameshinda. Siku ile mama naye alisema: "Nyasi nakata mimi, na jina lililoandikwa ni langu." Mzee alikuwa hajawahi kuyasikia hayo.

Mbuzi hakurudi. Mzee alikubali kulipa kidogo kidogo, na malipo mengine yalichelewa. Lakini mama hakutolewa, na akiba yake haikuguswa. Tungepiga kura siku ile, tungemhukumu mtu kwa kosa la neno letu. Kuuliza si ujinga, jamani.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Ni neno gani katika katiba yetu ambalo pengine tunalielewa tofauti?
2. Ni nani nyumbani kwetu hajaelezwa habari za mradi?
3. Katika mikutano yetu, ni nani anayesema "ndiyo" kwa heshima tu?