Mama Mkulima, Hesabu Nguvu Zako

Leo nazungumza hasa na akina mama, lakini akina baba msiondoke karibu na redio. Habari hii inawahusu nanyi pia.

Sisi mabibi shamba tukimwuliza mama kazi yake, mara nyingi hujibu, "Sina kazi, namsaidia mume wangu tu." Haya, mtazame mama anayelima mchicha pembezoni mwa Dar es Salaam na kuuleta Mchikichini na Kariakoo kuuza. Mchicha hung'olewa wiki tatu hadi nne tangu kupandwa. Kwa hiyo hupanga siku zake, tuta moja likivunwa jingine liwe linaota. Anajua mbegu ya kuhifadhi. Anajua fungu la asubuhi lina bei gani, na la jioni likishanyauka lina bei gani. Anajua mteja wa kumkopesha na wa kumkatalia. Huo wote ni ujuzi! Lakini anayejiita msaidizi hulipwa kama msaidizi.

Mwaka 1955, hapa hapa Dar es Salaam, TANU ilihitaji mtu wa kuwaunganisha wanawake. Akapatikana Bibi Titi Mohamed. Hakuwa na elimu kubwa ya shule. Alikuwa mwimbaji wa ngoma, mwenye sauti, anayejulikana katika vikundi vya ngoma vya akina mama. Akapita katika vikundi hivyo, na wanawake wengi wakajiunga na chama. Alianza na kile alichokuwa nacho.

Nawe anza hivi. Kwanza, chukua daftari, uandike kazi zote unazozijua. Kama hujui kuandika, mwite mtoto wa shule akuandikie. Pili, andika mauzo na matumizi ya kila siku kwa mwezi mmoja, kisha keti na baba mzungumze kwa hesabu, siyo kwa ugomvi. Tatu, ninyi mlio vijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Mkiomba hati ya hakimiliki ya kimila, hakikisha jina lako limo.

Akina baba, mmesikia? Shamba mnalilima wawili, basi na majina yawe mawili. Kazi njema, kwaherini.