Si kila jicho baya ni upofu wa mto: neno letu kwa wakaaji wa Lusangi



Hapa Lusangi, sawa na Kasongo na Kabambare yote, mtu akisema haoni vizuri, jibu liko tayari: upofu wa mto, kunywa Mectizan. Hatulaumu mtu. Ugonjwa huo upo kwetu kweli na Mectizan inatusaidia. Lakini upofu wa mto unakula macho polepole, miaka na miaka. Jicho lililokuwa zima mwezi jana na leo linaona ukungu, hilo ni jambo ingine.

Kwa ndugu zetu wanaoishi na virusi vya Sida, inaweza kuwa kaswende ya jicho. Ndiyo, kaswende ile ile ya zinaa. Kidonda chake cha kwanza mara nyingi hakiumi, kinapona chenyewe, mtu anasahau. Kijidudu kinabaki mwilini na kinaweza kufika machoni. Jicho linakuwa jekundu, linaogopa mwangaza, vidoadoa vinaelea mbele yake; mara nyingine haliumi hata kidogo. Dawa za ARV haziui kaswende, hata ukizimeza kila siku bila kukosa. Matone ya farmasi nayo yanatuliza wekundu tu, huku ndani kunaharibika.

Njo maana tunaomba waganga wetu: mwenye virusi akilalamika macho, msiishie kwenye tochi. Mpimeni kaswende siku ile ile. Ikionekana na jicho linaugua, ile sindano ya matakoni tuliyozoea haitoshi. Anatibiwa kama mtu ambaye kaswende imemwingia ubongoni: penisilini ya mshipa, siku 10 hadi 14, hospitalini. Bwana au bibi yake naye apimwe.

Siku 14 kitandani ni pesa, ni shamba lililoachwa, ni maneno ya majirani. Kuhusu majirani, inchi yetu ina sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inayolinda wenye virusi na kukataza kuwabagua. Kuhusu pesa, tunauliza zoni ya afya na serikali ya jimbo kule Kindu: kipimo cha kaswende kiko katika kila kituo kinachotoa ARV? Penisilini ya mshipa je, na nani anailipa? Tunataka jibu la maandishi.

Na wewe ambaye jicho lako limebadilika wiki hii, usingoje jibu hilo. Nenda kituoni kesho asubuhi, mwambie muganga una virusi, omba kipimo.