Kaaga Mpaka Nairobi ni Saa Ngapi?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya madereva na mataniboi, Kaaga, Meru)



Niliombwa niseme juu ya mwendo wa kutoka hapa mpaka Nairobi. Pengine mtu atacheka: dereva wa Meru afundishwe njia ya Nairobi? Nawaomba mnistahimilie, maana matajiri huihesabu njia hii kwa namna yao, nasi tumeikubali hesabu hiyo bila kuipima.

Mstari ulionyoka kutoka Meru mpaka Nairobi ni kilomita 174 hivi. Ndege iendayo kilomita 400 kwa saa huumaliza kabla nusu saa haijatimia. Kwa barabara, kupitia Nkubu, Chuka, Embu, Makutano na Thika, ni kilomita 225 hivi. Hizo zilizozidi ni za mlima na mito: barabara huzunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya, hushuka bondeni na kupanda tena. Wanaopitia Timau na Nanyuki huzunguka zaidi.

Sasa sheria. Gari la abiria lisizidi kilomita 80 kwa saa. Gawanya 225 kwa 80: ni saa mbili na dakika 49. Hiyo ni kwa gari lisilosimama, lisilokuta lori mlimani, wala mvua, wala msongamano wa Thika. Mimi gari hilo sijaliona. Tukisema kilomita 60 kwa saa, ni saa tatu na dakika 45. Kwenda na kurudi ni saa saba na nusu. Na tangu 2012 sheria yakataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika saa 24. Kwenda na kurudi mara moja, siku imekwisha.

Mimi mwenyewe tajiri mmoja aliniandikia safari tatu kwa siku moja. Katika ile ya tatu, nikitoka Nairobi, nilifika Chuka usiku nisikumbuke nimepitaje Embu. Mbele yangu kulikuwa na daraja la Nithi, ambako Julai 2022 basi lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakafa. Mnaijua kona ile.

Wenzetu wa miraa wana shida ya pekee. Mzigo wa Nyambene hupoteza thamani baada ya siku mbili hivi, na ndege ya Mogadishu, mwendo wa kilomita 1,000 hivi kutoka Nairobi, haimngoji mtu. Uingereza ilifunga mlango Juni 2014. Somalia ilifunga Machi 2020 ikafungua Julai 2022. Kwa hiyo mwenye mzigo hataki kupoteza hata dakika. Lakini angalieni: kufunga mzigo kukichelewa saa mbili shambani, hakuna aulizwaye. Dereva akichelewa dakika kumi, anakatwa mshahara. Saa mbili za shambani anatakiwa azirudishe yeye kwa mguu wake wa kulia!

Basi, kila mmoja anunue daftari. Andika saa uliyofika kupakia, saa uliyoondoka, saa uliyofika, na ulipopumzika. Taniboi naye aandike lake, yalinganishwe. Yaleteni kwa katibu mwisho wa mwezi, kwa kuwa tukiketi na matajiri nataka tuwawekee mezani saa zetu wenyewe, si malalamiko matupu.