Pikipiki ya Kale Haiamshwi kwa Mateke

(Hotuba ya Mwenezi kwa mkutano wa vijana wa tawi)



Tumeombwa leo tuseme juu ya pikipiki iliyo katika ghala la tawi letu. Ni BSA M20, iliyoachwa na marehemu mzee wetu ambaye katika siku za kudai Uhuru alichukua kadi na barua za chama kwa pikipiki hiyo mpaka vijiji ambavyo gari halikufika. Jamaa zake wametukabidhi. Sasa amekuja mnunuzi wa chuma chakavu. Ameizunguka, ameipima kwa jicho, naye amesema atarudi mwisho wa mwezi na fedha zake. Baadhi yenu mmekwisha sema: auziwe, maana imekufa.

Sisi tunauliza: ni nani aliyeipima hata akajua kwamba imekufa? Injini iliyosimama zaidi ya miaka thelathini pengine imelala tu. Na aliyelala hajulikani kuwa ni hai au maiti kwa kupigwa mateke.

Tuijue kwanza asili yake. Kampuni ya BSA ilianzishwa na mafundi wa bunduki wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1861, na alama yake ni bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. Katika vita vya 1939 hadi 1945 kiwanda hicho kililitolea jeshi la Kiingereza pikipiki za M20 zaidi ya 120,000. Vita vilipokwisha nyingi ziliuzwa kwa raia. Basi chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya jeshi la Mfalme kikaja kubeba kadi za watu waliotaka kujitawala! Kiwanda chenyewe cha Small Heath kilikwisha kuunda pikipiki zamani. Kiwanda kimekufa, lakini pikipiki zake zingali zikienda katika nchi nyingi, kwa sababu wenyewe walijifunza kuzitunza.

Nayo haina siri nyingi. Ina silinda moja tu, ya senti-mita za ujazo 496. Valvu zake zimesimama ubavuni mwa silinda, wala hazimo katika kichwa. Kwa hiyo kichwa chake ni kama kifuniko cha sufuria: ukifungua bolti zake, unakiinua na kuona pistoni na valvu kwa macho yako. Cheche inatoka katika magneto, ambayo huzungushwa na injini yenyewe, hata haihitaji betri. Mtu anayejua kusoma na kushika spana anaweza kuielewa.

Lakini tunawaonya vijana. Wengi wenu mnaendesha bodaboda, na mkono wenu umezoea: ukiikuta pikipiki, unapiga kiki. Hii msiipige! Ringi za pistoni huenda zimeshikwa na kutu katika silinda. Ukiilazimisha kwa mguu utavunja meno ya kiki au ringi zenyewe, kisha utasema kwamba imekufa, kumbe umeiua wewe.

Kazi ya kwanza ni kuuliza kama inazunguka. Tieni oili nyepesi iliyochanganywa na mafuta ya taa katika nati zote zenye kutu, mngoje. Tena msitumie spana za pikipiki za siku hizi. Nati za M20 ni za vipimo vya kale vya Kiingereza, na spana za milimita zitazila pembe zake. Tafuteni spana za Whitworth. Fundi mzee wa gereji hakosi kuwa nazo sandukuni. Kisha inueni kichwa, mimineni mchanganyiko ule ule juu ya pistoni, muuache siku tatu, au hata juma zima. Baada ya hapo simamisheni pikipiki juu ya stendi, tieni gia ya nne, na mzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikisogea hata upana wa ukucha, tumekwisha pata jibu la kwanza. Tazameni pia ekzosi na kabureta, maana nyigu wa udongo na panya ni wapangaji wasiolipa kodi.

Kazi ya pili ni oili. Injini hii haiweki oili yake tumboni. Oili hukaa katika tangi lake, pampu ikaipeleka na kuirudisha. Pikipiki ikisimama muda mrefu, oili hupenya pole pole kutoka tangini na kujaa katika tumbo la injini. Basi fungueni kifuniko kilicho chini, mwageni yote, safisheni chujio la waya lililo pale, osheni na tangi, kisha mtie oili mpya. Siku itakapowaka, jambo la kwanza ni kufungua mfuniko wa tangi la oili na kutazama kama oili inarudi. Isiporudi, zimeni papo hapo. Injini isiyopata oili huungua kwa dakika chache, na ikiungua hapo ndipo yule mnunuzi atakuwa na haki.

Kazi ya tatu ni cheche. Safisheni pointi za magneto, mpime nafasi yake: ni inchi 12 kwa elfu, yaani milimita 0.3 hivi. Unganisheni plagi na waya wake, mwilaze juu ya chuma cha injini, mbali na petroli, mzungushe. Mkiona cheche ya buluu, pigeni makofi. Lakini jueni kwamba magneto ya kale ina hila: huweza kutoa cheche ikiwa baridi, ikanyamaza ikipata moto, kwa sababu kondensa iliyo ndani yake imezeeka. Hapo hatutaiuza pikipiki nzima. Tutaipeleka magneto peke yake kwa fundi wa umeme.

Kazi ya nne ni petroli. Petroli iliyokaa miaka mingi hugeuka gundi, nayo huziba matundu madogo ya kabureta. Mwageni yote ya zamani mbali na moto na sigara. Tangi likiwa na kutu, tieni changarawe safi, mlitikise mpaka mikono ichoke, kisha mlisuuze kwa petroli kidogo. Jeti za kabureta zioshwe na kupulizwa tu. Msitie waya katika tundu lake, maana tundu lile limepimwa. Ukilipanua kidogo tu, injini itakunywa petroli kama mlevi, ikitoa moshi mweusi.

Yote yakiwa tayari, rudisheni kichwa na plagi, mkaze bolti kwa zamu, pande zote sawa. Sukumeni pikipiki nje, kwani moshi wa injini ndani ya ghala huua watu. Kwenye usukani kuna kijiti cha kuwahisha na kuchelewesha cheche. Kicheleweshwe kwanza! Cheche ikiwahi, kiki hurudi kwa nguvu na kumvunja mtu kifundo cha mguu. Kuna na kishikio cha kuinua valvu ya moshi, ili pistoni ipite bila upinzani. Mtu aliyepanga mambo haya haitaji nguvu za ng'ombe. Mateke machache ya ustaarabu yanatosha. Hata ikinguruma, hakuna ruhusa ya kuipeleka barabarani kabla ya kukaguliwa breki, tairi na nyaya zake. Tunataka pikipiki, hatutaki matanga.

Ndugu zangu, mtu atasema: kuna faida gani kuhangaika na chuma cha kale, hali pikipiki mpya zinauzwa dukani? Tunajibu hivi. Pikipiki mpya tutainunua siku tawi litakapokuwa na fedha. Lakini leo tunacho kitu chetu, na hatujui thamani yake. Mwenye kuuza asichokijua, bei hupangiwa na mnunuzi. Ndivyo wazee wetu walivyopunjwa pamba na kahawa zao siku zile ambazo mizani ilikuwa mkononi mwa mwingine. Walipounda vyama vya ushirika na kujifunza kusoma mizani wenyewe, maneno yalibadilika. Hata pikipiki hii ina mizani yake: inazunguka, inatoa cheche, inarudisha oili. Maswali hayo matatu yanataka juma mbili za jioni, mafuta ya taa, oili kidogo na subira.

Kwa hiyo tunaliomba tawi likubali mambo matatu. Kwanza, vijana sita wachaguliwe, wasichana kwa wavulana, wafanye kazi chini ya fundi mmoja mzee, ili ujuzi wake usizikwe pamoja naye. Pili, kila nati inayofunguliwa iandikwe daftarini na kuwekwa koponi, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Tatu, mnunuzi akija mwisho wa mwezi, ajibiwe na watu walioipima. Ikiwa silinda imepasuka, tutamwuzia bila haya, kwa bei tunayoijua. Ikiwa inanguruma, atasikia mwenyewe kabla hajafika mlangoni.

Kesho saa kumi na moja jioni ghala litafunguliwa. Njoni na matambara, na kila mwenye spana aje nayo.

Uhuru na Kazi!