Tone la damu linavyolinda dawa ya malaria

Nakala ya mazungumzo kwa wakazi wa kaunti



Wazee wanaikumbuka klorokwini. Kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo dawa ya malaria, kisha vimelea vikawa sugu. Mwaka 1998 Kenya iliiacha na kuchukua dawa za sulfa. Nazo hazikudumu. Mwaka 2004 serikali iliamua kuhamia dawa mseto yenye artemisinini, ambayo wengi wanaijua kama AL. Nyakati hizo, usugu ulijulikana hasa kwa kuwafuatilia wagonjwa waliomeza dawa bila kupona.

Leo hatari inaweza kuonekana mapema. Kila kiumbe kina vinasaba, yaani maagizo ya mwili wake, ambayo ni kama maandishi ya herufi. Vinasaba vya kimelea cha malaria kali vina herufi zipatazo milioni 23, na vilisomwa vyote kwa mara ya kwanza mwaka 2002, baada ya kazi ya miaka kadhaa. Kwa mashine za kizazi kipya, vinasaba hukatwa vipande vidogo, mamilioni ya vipande husomwa kwa pamoja, kisha kompyuta huvipanga. Kazi hiyo sasa huchukua siku chache.

Huanza na tone la damu ya kidole lililokaushwa kwenye karatasi maalum. Katika maabara, watafiti huchunguza jeni ya kimelea iitwayo kelch 13. Herufi fulani zikibadilika humo, artemisinini huua vimelea polepole kuliko kawaida. Mabadiliko ya aina hii yaligunduliwa kwanza Kambodia. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kuyapata Rwanda, na mwaka 2021 Uganda. Vimelea husafiri na watu, na mpaka hauvizuii.

Hii haimaanishi kwamba AL imeshindwa. Bado inaponya, kwa kuwa ndani yake mna dawa ya pili inayomalizia kazi. Lakini artemisinini ikidhoofika, mzigo wote utaiangukia dawa hiyo ya pili. Kujua mapema kunaipa nchi muda wa kubadilisha dawa kabla watoto hawajaanza kufa.

Mkazi naye ana sehemu yake: kupimwa kabla ya kumeza dawa, kumaliza dozi zote 6 kwa siku 3 hata homa ikishuka, na kutomgawia jirani vidonge vilivyobaki.

Anayeombwa damu kwa ajili ya utafiti ana haki ya kuuliza maswali. Itapimwa nini? Itahifadhiwa wapi, na kwa muda gani? Je, vitasomwa vinasaba vya kimelea peke yake, au pia vya mgonjwa? Swali hili la mwisho ni zito, kwa maana tone moja lina vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za vinasaba vya mtu kuwa nyeti. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayetoa ridhaa. Anayekataa utafiti hapotezi haki yake ya kutibiwa.

Anayekubali baada ya kuelewa anasaidia kuilinda dawa ambayo mtoto wake, na wa jirani, wataihitaji kesho.